Kipimo cha Langoni

Bawabu wa kiwanda cha nyuzi alimwelekezea mkewe kipimajoto kwenye paji la uso, akafinya, akakitazama kile kioo kidogo kilichogeukia upande wake, kisha akatangaza kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya foleni:

"Thelathini na nane nukta mbili. Rudi nyumbani. Siku kumi na nne."

Foleni nzima ikapigwa na butwaa. Mkewe, waliyemwita Bi Uzi kwa kuwa aliweza kuunga uzi uliokatika akiwa amefumba macho, alidhani anataniwa.

"Mimi? Mimi niliyekuamsha leo kwa makelele?"

"Chombo ndicho kimesema, si mimi. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Kicheko, jirani yake wa mashine kwa miaka kumi na mmoja. Thelathini na sita na nusu. Pita. Kicheko akapita huku amegeuza shingo.

"Pole, mwenzangu! Kama kamrudisha mke, basi huyu hana cha ndugu wala rafiki."

Hata waliokuwa wakinung'unika kupimwa, tangu siku hiyo walinyoosha shingo wenyewe.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Bi Uzi akafungiwa kimoja. Mumewe na binti yao wa miaka sita wakahamia kingine. Sahani ikiwekwa juu ya kigoda mlangoni, hodi ikigongwa, nyayo zikiondoka. Bi Uzi alikingoja kikohozi, hakikuja. Kila asubuhi alijigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akalikuta baridi kama sakafu.

"Baba Mtoto," aliita akiwa nyuma ya mlango, "hicho chombo chako kimepotoka. Mimi mzima kama chuma."

"Kaa. Mgonjwa hajipimi."

Zamani mume huyu alikuwa domokaya. Angeweza kukusimulia habari ya lori moja lililoingia getini mpaka chai ikapoa. Sasa alirudi kazini, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaketi kuutazama ukuta. Bi Uzi akadhani amechoshwa na kazi ya langoni.

Siku kumi na nne zilipotimia alivaa sare yake aliyoipiga pasi mwenyewe, akapanga foleni. Mumewe akampima.

"Thelathini na saba nukta tisa. Siku nyingine kumi na nne."

Safari hii hakuna aliyeshangaa. Msimamizi wa zamu alimpigia bawabu saluti. "Wangekuwapo watatu kama wewe, gonjwa hili lingejikimbilia lenyewe."

Wiki hiyo hiyo Kicheko alimpigia Bi Uzi simu.

"Mwenzangu, mwili unaniuma kama nimetwangwa kinuni. Jasho limenitoka mpaka godoro limelowa. Leo nilitaka nijipumzishe, lakini jana mumeo kanipima, kasema mzima. Kile chombo hakidanganyi, au vipi?"

Bi Uzi alikuwa na kinyongo chake cha kufungiwa kama kuku anayeatamia. "Hakidanganyi," alisema. "Shahidi ni mimi hapa. Nenda zako kazini, na ushukuru."

Kicheko alikwenda kazini siku tatu. Ya nne hakuamka. Walimzika watu wanne wenye glavu, na mume wa Kicheko akaambiwa atazame kutoka barabarani. Baada yake akafuata msimamizi wa zamu, kisha wasichana wawili wa sehemu ya kufungasha, halafu Bi Uzi akaacha kuhesabu. Kila ujumbe ulipoingia aliusoma, akailaza simu kifudifudi, akaendelea kukunja nguo. Zikiisha, alizikunjua akaanza upya. Machozi hayakuja. Ilikuwa kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Mwishowe kiwanda kikafungwa. Mumewe alirudi adhuhuri na mkoba wake wa kazi, kipimajoto kikiwa ndani, maana hakubaki mtu wa kumkabidhi. Akakisogeza kigoda, akaufungua mlango wa chumba.

"Toka. Yamekwisha."

Bi Uzi akatoka. Hawakukumbatiana. Alichukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa pamefagiliwa.

Asubuhi iliyofuata binti yao aliamka uso umemwiva, macho mazito.

"Mpime," Bi Uzi alimwambia mumewe.

"Ni joto la usingizi hilo. Mpanguse kwa maji."

"Mpime, nimesema."

"Litashuka lenyewe."

"Wana wa wenzio mia mbili umewapima kila kukicha. Wako ndiye unamwonea uvivu?"

Mume hakuinuka. Bi Uzi akaufungua mkoba mwenyewe, akakitoa kipimajoto, akakielekeza kwenye paji la uso la mtoto, akafinya. Kioo kikabaki cheusi. Akafinya tena. Akakitikisa, akakigeuza chini juu, kisha akakifungua kifuniko cha mpini kwa ukucha.

Ndani mlikuwa mtupu. Vyuma vya kushikia betri viling'aa kama vilivyotoka dukani, bila mkwaruzo hata mmoja.

Mumewe alikuwa bado anautazama ukuta.

"Betri waliahidi tu, hawakuleta hata siku moja," alisema. "Na mke ninaye mmoja."