Picha Nzuri ni ya Kupunguza

"Shoga, kwenu amefariki nani?"

Mukarram, jirani wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo mwanzoni mwa Ramadhani, alipoona shuka jeupe limetandwa dirishani kwa Hosiyat.

"Hajafa mtu. Mume wangu anachuja jua."

"Anachuja nini?"

"Jua. Ati likiingia hivihivi linababua matunda kwenye picha. Lazima lichujwe kama maziwa."

Mukarram alilitazama shuka, akamtazama shoga yake. "Mungu akupe subira, dada."

Hosiyat alicheka. Subira alikwisha kupewa zamani. Tangu aolewe pale mjini Kokandi dua yake ilikuwa moja: mumewe, Turgunboi, afunge saumu. Turgunboi alikuwa mkaguzi wa shule, na kila Ramadhani ilimkuta na ugonjwa wake. Mwaka mmoja tumbo, mwaka mwingine mgongo. Akastaafu. Mtoto wao aliyeko Korea akamletea kamera. Na Ramadhani hii, bila ya kusukumwa na mtu, aliamka akala daku, akanuia kwa sauti. Hosiyat aliinamia sufuria ili asionekane akilia.

Tena hakufunga kimyakimya. Alifunga, na mtaa mzima ukajua. Mkwe wa Mukarram, fundi wa kuchomelea, alipoonekana akinywa maji kwenye joto la kiangazi, Turgunboi alimsimamia mlangoni.

"Mimi mzee mzima nashinda na aprikoti mbele ya pua yangu. Wewe maji tu yamekushinda?"

Matunda hayo ya aprikoti yalikuwa ya kazi. Ukumbi wa mtaa ulitaka picha ya meza ya futari ya kutundika ukutani, na Turgunboi aliidaka kazi hiyo kabla hajapewa. Alijifunza kwenye simu: mwanga uje kutoka ubavuni, kivuli kiwe laini, jicho liachiwe mahali pa kupumzika. Kila siku baada ya adhuhuri alijifungia chumba cha wageni.

Hosiyat ndiye aliyeandaa. Aprikoti saba zilizoiva, mkate wa duara, halua, kikombe cha chai, na birika la shaba la mama mkwe. Hilo alilisugua kwa jivu na siki mpaka akawa anafunga ushungi wake kwa kujitazama tumboni mwa birika. Chai ndani lazima iwe ya moto.

"Chai bila mvuke ni maiti," alisema Turgunboi. "Picha haidanganyi, mke wangu."

"Nikushikie shuka?"

"Ukipumua tu, mwanga unatikisika. Toka, ufunge na mlango."

Alasiri alitoka ameloa jasho kama mtu aliyetoka kulima. Hosiyat akaingia kuondoa vyombo, akakuta aprikoti tano.

"Baba, zilikuwa saba."

"Macho hupenda witiri, hesabu isiyo na mwenzi. Hata Mwenyezi Mungu ni witiri, na anapenda witiri."

Hosiyat alibaki mdomo wazi. Mtu huyu juzi tu alikuwa hajui rakaa za magharibi!

"Lakini saba nayo ni witiri."

"Saba ni soko. Mwanafunzi huongeza, fundi hupunguza. Picha nzuri ni ya kupunguza."

Siku zilivyosonga, ufundi ukazidi. Aprikoti zikabaki tatu. Mkate ukawa unamegwa, maana mkate mzima, alisema, ni wa dukani; uliomegwa una habari ndani yake. Chai ikashuka hadi nusu ya kikombe. Halua ikatoka na pengo kama jino lililong'olewa.

"Na hapa je?" aliuliza Hosiyat.

"Hapo ndipo kivuli kinapokaa."

Hosiyat alimsimulia Mukarram maneno hayo yote, neno kwa neno, kama mtu anayesimulia mawaidha.

"Mumeo saumu imemkubali," alisema Mukarram. "Wa kwangu kabaki mifupa. Wako anang'aa."

"Ni nuru ya ibada, shoga."

Jioni ya futari ya pamoja picha ililetwa ukumbini. Duka la mjini lilikuwa limeikuza mpaka ikawa kubwa kama mlango, nayo ilifunikwa kwa shuka lilelile la dirishani. Turgunboi mwenyewe alikuwa ameiona kwenye kile kioo kidogo cha kamera tu, tena bila miwani, kwani mtu mwenye jicho, alisema, haazimi macho ya kioo. Walipokwisha kula, wanawake nao wakaitwa waje watazame.

Shuka likaanguka. Watu wakaguna kwa utamu. Mwanga ulikuwa umelala juu ya mkate kama paka, mvuke unapanda, aprikoti tatu zimekaa kama malkia.

"Sogeeni!" alisema Turgunboi, mikono nyuma. "Kagueni kila pembe. Picha haidanganyi."

Imamu alivaa miwani yake, akasogea. Alianzia kwenye mkate, akapita kwenye halua, akafika kwenye birika. Hapo macho yakaganda. Akamgeukia Turgunboi, akalirudia birika.

"Bi Hosiyat," alisema polepole, "birika hili ulilisugua wewe?"

Hosiyat akasogea kwa haya, akidhani anasifiwa. Kwa mazoea, mkono ulikwenda kwenye ushungi.

Tumboni mwa birika, mbele ya dirisha jeupe kwa jua la mchana, alisimama mumewe: kidole kimoja kwenye kamera, nusu ya aprikoti mkono wa pili, na shavu limetuna kama la mtoto mwenye jipu.

Hosiyat aliliokota shuka, akalirudisha juu ya picha, akalinyoosha pembe zote nne. Kisha akachukua viatu vyake mlangoni, akatoka.