Uzi wa Kijani

“Usifumue, Maman Delphin! Hii haiko ya kufumua!”

Fanny alivuta upande wake, Adolphine akavuta upande wake, na skafu ya kijani ikabaki katikati kama mbuzi wa mahari anayegombewa na wajomba wawili. Mwishowe Fanny ndiye aliyeachia. Adolphine alimzidi umri, na heshima ni heshima hata pale mkubwa anapokosea.

Asubuhi ile Fanny alikuwa amefungua balo jipya la nguo kuukuu pale soko la Kadutu, balo la Kanada, ambalo wauzaji hulipenda kwa nguo zake za baridi. Kama kawaida yake, alimletea rafiki yake masweta yaliyotoboka. Uzi mpya wa sufu ni ghali Bukavu, kwa hiyo wafumaji wa kroshe huyafumua masweta ya Wazungu, wakaufua uzi na kuufuma upya. Nguo hufa kwa Wazungu ikafufukia Kadutu, na hakuna anayeuliza ilivaliwa na nani.

Ila skafu hii haikutoboka popote. Fanny alikuwa ameileta aionyeshe tu, kisha aivae mwenyewe kwenye misa ya Jumapili. Ilijaa nundu zilizopangana kama maharage kwenye ungo, na kuizunguka pande zote palikuwa na pindo la vilima vidogo vidogo, ambalo Fanny hakuwahi kuona mfano wake.

“Angalia hii kazi,” alisema. “Mwenye alifuma hii alikuwa anapenda mutu sana. Na habakuivalaka hata siku moja, mikunjo yake iko vilevile. Bazungu beko batu ya namna gani? Mutu anakufumia kitu kama hii, unatupa!”

“Pengine baridi haikumushika,” Adolphine alijibu.

Mezani ililala skafu nyingine, nyeupe, iliyobakiza pindo tu. Hiyo ilikuwa ya Delphin, mwanawe wa pekee, aliyeko Montréal mwaka wa nane sasa. Hakurudi hata baba yake alipozikwa. Kila mwaka Adolphine humfumia skafu na kumpa msafiri ampelekee. Wateja huwafumia pindo la kawaida. La Delphin hulifuma peke yake, mlango umefungwa, sala mdomoni, na skafu huifunga kwenye karatasi kabla jirani yeyote hajaitupia jicho.

Mwanawe anapopiga simu, hamuulizi pesa wala mke. Humuuliza kama anaivaa. Akijibiwa ndiyo, juma zima hutembea Kadutu kichwa juu, wala mvua na matope havimsumbui. Kati ya mama na mtoto, hilo jibu ndilo lililokuwa limesalia.

Safari hii msafiri alikuwa Consolate wa parokiani, aliyetakiwa kuondoka Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi. Tangu alfajiri sindano ya Adolphine ilikuwa ikikimbia. Tangu Fanny aingie na furushi lake, ilikuwa imelala.

“Jumamosi iko hapa, na pindo bado,” Fanny alijaribu tena. “Kamata uzi ya masweta, hii uniachie.”

“Nataka hii.”

Kufumua nako kuna kazi yake. Lazima kwanza uitafute ncha ya uzi, na mfumaji hodari huificha hasa. Mara nyingi Fanny alikuwa amemkuta rafiki yake kavaa miwani, anageuza sweta nusu saa nzima huku akiguna. Leo miwani ilibaki kwenye kikapu. Kidole cha Adolphine kilikwenda kwenye kona moja, kikachokonoa kidogo, uzi ukatoka.

Fanny alisonya, akageukia dirisha ili asione uharibifu.

Vilima vilianguka kimoja kimoja. Kwenye kona ya tatu kitu kidogo kiling'aa, kikadondoka sakafuni. Fanny aliposikia mlio aliinama, lakini Adolphine alimtangulia, akakiokota na kukifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

“Ni nini?”

“Takataka ya balo.”

Simu ikalia. Ilikuwa saa tisa alasiri, na huko Montréal asubuhi. Adolphine aliiweka mezani na kuifungulia sauti, maana mikono yake ilikuwa imejaa uzi.

“Maman, habari ya kwetu?”

“Tuko. Mvua tu. Na kule?”

“Baridi, maman! Baridi ya kukata masikio.”

“Na esharpe ya mwaka jana, Delphin? Unaivaaka?”

“We maman! Iko ku shingo sasa hivi, niko naenda kazi. Batu ya kazi banaulizaka kila siku nani aliifuma.”

Hasira za Fanny ziliyeyuka palepale. Alimgusa rafiki yake begani, akamnong'oneza: “Ule mutoto ni baraka. Wa kwangu hata salamu hanaga.”

Adolphine hakuacha kuvuta. Donge la kijani lilikuwa limeshajaa mkononi.

“Na medali?” aliuliza. “Ile nilikufungia ndani ya pindo?”

“Naigusaka kila asubuhi mbele ya kutoka, maman. Ndiyo inanichunga.”

“Ni vizuri, mutoto yangu. Usiipoteze.”

Kwa mkono mmoja alifungua ncha ya kitenge chake, na mbele ya macho ya Fanny akaweka mezani, kando ya simu, medali ya Bikira Maria, uzi wa kijani ungali kwenye tundu lake.