Ukalimani wa Papo kwa Papo

Mkalimani wa kwanza alikuwa na mafua. Kila baada ya sentensi mbili alivuta kamasi, na ukumbi mzima, uliokuwa umevaa visikilizio vya tafsiri, ukavuta pamoja naye. Kwa hiyo alipompisha mwenzake kule kibandani nyuma, na sauti ya mwanamke ikaingia masikioni, Mkurugenzi wa kikundi cha vikaragosi, aliyeketi katikati ya ukumbi, alishusha pumzi.

Halafu sauti ikasema, "Haya, shoga. Umeketi vizuri?"

Alitazama jukwaani. Mtoa mada, mzee wa kigeni mwenye suti ya kijivu, alikuwa akionyesha michoro ya mauzo ya tiketi huku akicheka kwa lugha yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mada ya mchana: namna ya kuwarudisha watazamaji ukumbini. Wasimamizi wa majumba ya sanaa walikuwa wameacha ofisi zao kuja kujinoa, kila mmoja na mkoba wake wa bure na kalamu isiyoandika.

Shibe ya chakula cha mchana hiyo, alijiambia.

"Umenenepa," sauti ikaendelea. "Ukubwa umekukaa. Mwenzio nilikauka mpaka pete ikawa inanivuka."

Sauti ile, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa neno, aliijua. Ilikuwa ya Sindano, na Sindano alikwisha kufa zamani.

Sindano ndiye aliyeshona vikaragosi. Walianza kikundi wakiwa wawili, chumba kimoja, cherehani moja, huyu akihangaika kutafuta maonyesho na yule akishona: bibi mwenye kope za uzi, askari anayelia, bwana harusi asiye na shingo. Sindano alipolazwa, Mkurugenzi alimshika mkono akamwahidi kwamba jina lake litaandikwa kila vitakapokwenda. Halikuandikwa. Kwanza lilisahaulika kwenye bango moja, kisha likaachwa kwa makusudi, na siku Sindano anazikwa Mkurugenzi alikuwa safarini na vikaragosi vyenyewe, akipigiwa makofi. Tangu hapo watu wa fani humwita Mama wa Vikaragosi, naye huitika.

Na leo, mada hii ikiisha, wajumbe wangemchagua mwenyekiti wa chama chao. Mgombea alikuwa yeye peke yake. Hotuba ya kushukuru alikuwa nayo kichwani, neno kwa neno.

Alivua kisikilizio. Akasikia lugha ya kigeni ya yule mzee na mvumo wa kiyoyozi, basi. Aligeuka kukitazama kibanda cha wakalimani, lakini kioo kilikuwa kimeshika mwanga wa dirisha na ndani hakuonekana mtu. Akakivaa tena, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

"...ukaja na machungwa," sauti ilikuwa ikisema. "Ukanimenyea mwenyewe. Ulilia kweli siku ile, sikatai. Ndiyo maana nilikuamini."

Machozi yalimlenga. Alikuwa amempenda Sindano, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kushoto kwake aliketi meneja wa ukumbi wa muziki, bonge la mtu, mcheshi, ambaye tangu asubuhi mdomo haukumtulia. Sasa alikuwa ameganda, kalamu hewani, jasho jembamba likimchuruzika shingoni na kiyoyozi chote kile.

"Samahani, kaka," Mkurugenzi alimnong'oneza. "Wewe unasikia nini humo?"

Hakugeuka. "Takwimu."

"Takwimu tu?"

"Takwimu tu, dada. Kwani we unasikia nini?"

"Takwimu."

Basi ni yeye peke yake. Aliwatazama wengine, safu kwa safu: wote kimya, macho mbele, hakuna aliyepiga miayo, hakuna aliyechezea simu. Hakuwahi kuwaona wasimamizi wakisikiliza namna ile. Aliwaonea wivu. Wao walikuwa kazini, yeye alikuwa na marehemu masikioni.

"Sikuja kukugombeza," sauti ikasema. "Nimechoka tu kuwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Kila wakikuuliza nani kafanya, unanizika upya. Kama unanijua, simama. Simama tu."

Mkurugenzi alishika kiti kwa mikono miwili. Kusimama ni kuulizwa, na kuulizwa ni kusema, na akishasema hakuna uenyekiti, hakuna kikundi, hakuna wa kumwita mama. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Jukwaani mzee alibadilisha mchoro. Mistari ya tiketi ilipanda, ikashuka.

"Au hata hilo nalo ni kubwa kwako?"

Ni hiyo "hata hilo" iliyomvunja. Maisha yake yote Sindano hakuwahi kumwomba kitu isipokuwa jina lake, na sasa alikuwa amepunguza mpaka hapo. Mkurugenzi alifumba macho, akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Ni kweli," alisema. "Si mimi. Ni yeye."

Alingoja minong'ono. Alingoja mtu amvute nguo, amwambie kaa chini, dada, unatutia aibu. Hakuna aliyemvuta. Akafumbua macho.

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, kila mmoja midomo ikimcheza kwa ungamo lake mwenyewe, hakuna aliyemtazama mwenzake. Na jukwaani mtoa mada, ambaye peke yake hakuwa na kitu masikioni, alidhani watu wamesimama kwa heshima yake, akaweka mkono kifuani, akainama kushukuru.