Njia Inayokatiza kwa Siwema

Mthamini wa ardhi alichota udongo wa shamba la Siwema, akaunusa, akawatazama nyuki kwenye maua ya maboga, kisha akasimama kwenye njia nyembamba iliyokatiza shamba, wanawake wakipita na ndoo.

"Watu wote hawa wanapita kwako?"

"Wanakwenda kisimani, bwana. Nitawazuiaje?" Siwema alicheka.

"Basi shamba hili lina thamani kuliko yote niliyoyaona bondeni."

Nyuma ya ua wa miba, mke mwenziwe, Mwasiti, aliyasikia hayo, roho ikamuuma. Shamba lake ndilo kubwa, na mahindi yake yalikuwa yamebeba kuliko ya mtu yeyote. Na ile miba aliipanda mwenyewe, watu wasije wakamkanyagia mimea.

"Na kwako, mama, nani hupita?" mthamini alimuuliza alipofika kwake.

"Wengi tu," alisema Mwasiti. "Njoo kesho ujionee."

Mthamini alipoondoka, Mwasiti alichukua panga, akafyeka pengo kwenye miba. Kisha akaanza kutembea juu ya mahindi yake, akienda na kurudi, akikanyaga kwa nguvu. Ng'ambo, wanawake walipita na ndoo zao wakipiga soga na Siwema, wala hakuna aliyegeuka.