Mita Moja na Robo

Mthamini wa nyumba alipima mara ya tatu, na hesabu ikakataa tena.

"Nje ni mita kumi na moja na nusu," alimwambia binti wa mwenye nyumba. "Ndani, nikijumlisha vyumba vyote na unene wa kuta, napata kumi na robo. Mita moja na robo imeyeyuka, dada. Na nyumba si nguo, haipungui ikifuliwa."

Binti alicheka. Mama yake hakucheka. Alikuwa chumbani, kwenye kiti chake cha siku zote, ameupa mgongo ukuta wa mwisho. Kiti hicho hakijawahi kuhamishwa, hata siku za kupaka rangi.

"Tepu zenyewe za siku hizi," mama alisema. "Plastiki tupu."

Ilimchukua binti mwaka mzima kufika hapo. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Miaka arobaini ya kupanda ngazi na kupiga plasta nyumba za watu si mchezo. Binti alitaka amchukue akae naye, na nyumba iuzwe. Mama alikataa kwa ukali, kisha akakataa kwa upole, na huko ndiko kukataa hasa. Mwishowe binti akaja na ujanja: wajue tu thamani yake. Kujua si kuuza.

"Usilolijua ni usiku wa giza, mama."

"Usiku wa giza watu hulala, mwanangu."

Lakini siku hiyo mama alikuwa amechoka kubishana, na binti akauchukua uchovu huo kuwa ruhusa.

Mthamini alitoa fomu yake.

"Nyufa?"

Mama alimtazama kama aliyetukanwa. "Kuta zote hizi nimezipiga plasta kwa mkono wangu."

"Samahani, mama. Panya?"

"Zamani. Walizidi mpaka wakatuona sisi ndio wapangaji wao. Mume wangu akaleta dawa ya unga, wakaisha."

"Na mzee mwenyewe yuko wapi? Jina lake lipo kwenye hati."

"Aliondoka," binti aliharakisha kujibu, ili mama asilazimike. "Nikiwa na miaka saba."

Alilisema neno hilo kikawaida, na likamuuma palepale panapouma siku zote. Aliikumbuka jioni ile yote. Mama alikuwa hajarudi kazini. Baba alifika amechoka, na yeye, kwa mara ya kwanza maishani, akamtengenezea chai peke yake. Alipanda juu ya kigoda, akapapasa juu ya kabati mpaka akapata sukari kwenye kikopo kisicho na maandishi, akatia vijiko vitatu vya kujaa kwa sababu alimpenda. Baba alikunja uso kidogo, akainywa yote, akamwita mpishi wake, akamwambia akalale. Asubuhi baba hakuwepo. Mama, mwenye saruji kwenye kucha kama kawaida yake, alisema amekwenda mbali.

Miaka thelathini na minne binti alijiuliza ana kasoro gani, hata mtu anywe chai yake, amsifu, kisha amwache.

Tangu hapo mama hakumruhusu kugusa birika. Mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto wake, akija hapa huandaliwa chai kama mgeni, na chai ya nyumba hii haitiwi sukari. Wakati mwingine akifika bila kubisha hodi humsikia mama chumbani akiongea taratibu na mtu, na mlango ukifunguka anayekutwa ni mama peke yake na kiti chake. Binti hakuwahi kuuliza. Kila mtu ana namna yake ya kumlilia aliyemwacha.

Mthamini alianza kugonga kuta kwa kifundo cha kidole. Moja baada ya nyingine zikajibu kwa sauti nzito. Aliponyoosha mkono juu ya bega la mama na kugonga, ukuta wa mwisho ukajibu kama debe.

"Mama, nakuomba usogee kidogo."

"Sisogei."

"Huku nyuma kuna nafasi, na mimi siwezi kuandika thamani ya kitu nisichokijua. Nachukua nyundo garini. Tundu dogo tu, la kupitisha tochi."

Akatoka. Binti alibaki anautazama ukuta. Alikuwa ameuona maisha yake yote, na leo ndipo alipouona. Mama hakuwahi kupiga plasta ovyo, lakini hii ilikuwa na mawimbi na alama za mwiko huku na kule, kazi ya mtu aliyekuwa anatetemeka.

"Mama," alisema. "Baba hakuondoka."

"Hakuondoka."

Binti alishika ukingo wa kitanda. Kwa mara ya kwanza alimwogopa mama yake, akautazama mlango, akaona jinsi ulivyo mbali.

"Ulimfanya nini baba yangu?"

Mama alijiinua kwa shida. Akaishika mikono ya binti yake yote miwili, akaigeuza, akafuta viganja kwa upindo wa gauni lake, taratibu, kama alivyokuwa akivifuta zamani. Nje, mlango wa gari ulifungwa, na hatua za mthamini zikaanza kurudi.

"Mwambie aende zake," mama alisema. "Mwambie haiuzwi. Jioni ile nilichelewa kwa sababu nilipitia dukani, mwanangu. Ndani hatukuwa na sukari."