Sahani Nyeupe, Sahani za Bluu

Damas alijifungia jikoni na sufuria mbili za pilau. Alipotoka alikuwa ametota jasho, na nje theluji inaanguka.

"Ulikuwa unapakua chakula au unapigana nacho?" Mudrick akamuuliza.

Mudrick ndiye bwana harusi mtarajiwa. Sufuria moja ilipikwa na Bupe, mke wa Damas, nyingine na Victoria, dada yake Damas. Mshindi angepika harusini, na mawifi hao walikuwa wanaongea kupitia watoto tangu Krismasi. Damas, mtu wa takwimu, ndiye aliyeleta wazo la kupima. Kama angeonja na kuchagua mwenyewe, ama angehamia kulala sebuleni, ama asingekanyaga tena kwa dada yake.

Pilau ya Bupe kwenye sahani nyeupe arobaini, ya Victoria kwenye za bluu arobaini. Wageni themanini walioalikwa kuonja, kila mmoja sahani moja, hawaambiwi ipi ya nani. Halafu wanahesabiwa watakaorudi kuomba nyongeza.

"Tofauti ndogo haihesabiki, ni bahati tu," Damas aliwaeleza pale ukumbini, chini ya kanisa lao la Roseville, huko ughaibuni. "Ikiwa ndogo, tunasema wako sawa, wanapika wote."

"Na hicho kipimo chako hakikosei?" Victoria akauliza.

"Hukosea, dada. Hata pilau zikiwa sawa kabisa, mara moja kati ya ishirini kitasema zimepitana."

"Ishirini ni nyingi," Bupe akasema. "Lete sahani, watu wana njaa."

Watu wakala. Mudrick alionja nyeupe, akaonja bluu, akasema yeye haoni tofauti. Wakamcheka, wakamwambia ulimi wake umeshaharibiwa na baga.

Wa sahani nyeupe walirudi kumi na saba. Wa bluu, ishirini na saba.

Mudrick akaziingiza namba kwenye kompyuta, jibu likatokea ukutani, kubwa, kila mtu analiona. Damas akalisoma mara mbili. Akaomba namba ziingizwe upya. Jibu likawa lile lile.

"Bahati tu ingeleta pengo kama hili mara mbili na nusu katika mia," Mudrick akasema. "Mpaka wetu ni tano katika mia, ile moja kati ya ishirini. Hii tofauti ni ya kweli, kaka."

Victoria akapigiwa vigelegele. Damas akatafuta kiti.

Njiani kurudi nyumbani Apple Valley, walipovuka mto, Bupe akamgeukia.

"Mpigie wifi, baba watoto," akasema taratibu. "Aje Jumamosi anifundishe. Namba zimeshasema, nitabisha nini?"

Damas akashika usukani kwa mikono miwili. Angemwambiaje kwamba kule jikoni alimimina sufuria zote mbili kwenye beseni moja, akachanganya mpaka jasho likamtoka, ndipo akaanza kujaza sahani?