Tunakungoja Wewe

Dada yake, Tatu, alikuwa ameapa kwamba alimwandikia, ndiyo maana Mwanaidi alilitafuta jina la dada huyo kwenye simu, katika akaunti ya barua pepe aliyotumia pamoja na mumewe. Barua za Tatu zikajitokeza zote, zimeondolewa kwenye kikasha cha barua zinazoingia na kuhamishiwa kwenye kumbukumbu. Ya mwisho ilisema: "Mama ametutoka. Maziko tumeyasogeza hadi alasiri. Tunakungoja wewe umwoshe."

"Shaibu, ni wewe uliyezificha hizi?"

"Sikuzifuta," mumewe alisema. "Nilizihifadhi tu. Ulikuwa na mimba changa, daktari alikukataza safari."

"Mama aliniusia nimwoshe mimi! Mimi!"

"Nilikuonea huruma, mke wangu."

"Koma! Mwaka mzima namlaani Tatu hapa mezani kwamba kamzika mama kimyakimya, na wewe unatafuna tu. Huruma gani hiyo?"

Mwanaidi akairudisha barua ile ya mwisho kikashani, akaitia alama ya haijasomwa, maandishi yakakoza kana kwamba imeingia sasa hivi. Akamsukumia simu kifuani.

"Haya, mjibu. Mwambie kwa nini sikuja."

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, akangoja.